Kaimati Mara Mbili

Fundi hakuwahi kunisumbua hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma. Miaka kumi na minne tulipakana chumba kwa chumba katika nyumba moja ya Mishomoroni, ukuta mmoja, ua mmoja, kamba moja ya kuanikia nguo, na sikumbuki kama aliwahi kunigongea mlango kuomba hata chumvi. Akigonga, ni kuleta chakula au kuleta habari. Habari zake zote zilitoka kwenye televisheni.

Sote tulimwita Fundi, wakubwa kwa watoto, kwa sababu ya cherehani yake iliyokaa mlangoni mchana kutwa. Jina lake la kitambulisho nililiona mara moja juu ya bahasha, nikaona halifanani naye. Alikuwa mama mfupi, mpana wa mabega, miwani yake imefungwa uzi mweupe upande wa kulia, sindano mbili tatu zimechomekwa kwenye dera kifuani. Kumkumbatia siku ya Idi ilibidi ujihadhari.

Mimi ni muuza dawa, na ni mtu wa magazeti. Tamthilia sina subira nazo, na nilimwambia hivyo tangu mapema, tena kwa maringo kidogo, kama mtu anayetaka ajulikane kuwa amesoma. Hakukasirika. Alinijibu kuwa magazeti nayo ni tamthilia vilevile, ila watu wake hawajui kuvaa.

Kuvaa ndiko alikokuangalia kwanza. Televisheni yake ndogo aliiweka juu ya kabati, ikitazamana na cherehani, na mguu wake uliposimama kwenye kanyagio tulijua kuna gauni limepita. Alikuwa akichora mshono kwa kipande cha chaki juu ya meza, hapo hapo, kabla picha haijabadilika. Wanawake wa Mishomoroni mpaka Bombolulu walikuja kumwambia, "Fundi, nataka lile la mke mdogo, la juzi, la mikono ya kengele." Alishona, na likitoka lilikuwa zuri kuliko la mke mdogo mwenyewe. Lakini nguo ya mtu mwovu hakushona. Bibi harusi mmoja alikuja na kitambaa cha thamani akataka gauni la wifi aliyemtilia mwenziwe sumu, kwa sababu kweli wifi yule alikuwa na gauni. Fundi akakikunja kile kitambaa, akamrudishia. Alimwambia nguo ile imeshatenda mabaya, asiingie nayo kwa mumewe. Bibi harusi akaenda kwa fundi mwingine, na harusini Fundi akala pilau yake bila kumtazama.

Sala hazikumpita, na jambo hili liliwakanganya watu. Mtu wa swala tano, mwenye tasbihi msumarini, vipi amejaza kichwa waume na wake wa watu wa Uturuki na Bara Hindi? Yeye hakuona mgongano. Mambo ya busu yakikaribia alitupa leso juu ya televisheni. Alifanya hivyo akiwa na watoto, akiwa na sisi, na nimemwona dirishani akifanya akiwa peke yake. Kisha alisikiliza muziki chini ya ile leso, akaifunua palepale panapostahili, wala hakukosea. Nilimuuliza amejuaje. Akasema vinanda vikishuka, wameachana.

Kila Jumanne ya pili ya mwezi alikwenda Nyali kutazama filamu kwenye jumba la maduka, kwa kuwa siku hiyo tikiti ilikuwa nafuu. Alivaa buibui lake la kutokea, viatu vya kamba, na udi kidogo, kama anayekwenda kuposa. Alipenda kufika mapema asikose vipande vya filamu zijazo. Hivyo ndivyo alivyovipenda kuliko filamu yenyewe. Aliniambia vile vipande vina raha zote na havina mwisho. Nilifuatana naye mara moja tu katika miaka yote hiyo. Mlinzi wa mlangoni alimpekua mkoba akakuta mfuko wa mabuyu, akasema chakula cha nje hakiingii. Fundi akamtazama juu ya miwani akamwambia, "Haya si chakula, mwanangu. Haya ni ya kushika mkono." Mlinzi alicheka akampisha. Ndani alikaa kiti cha katikati, na cha kushoto kwake akaweka mkoba. Nilipotaka kukaa hapo aliusogeza, lakini nilimwona akisita kidogo, nami nikadhani anaogopa kuibiwa mkoba.

Wahusika wake hakuwaita majina. Majina ya kigeni, alisema, yalimwumiza ulimi. Aliwaita kwa udugu: mke mkubwa, shemeji, yule dada, mtoto wa kambo. Kwa hiyo unafua nguo asubuhi, unamsikia anasema shemeji kauza nyumba na watoto wamelala nje, moyo unakupasuka. Mwaka wangu wa kwanza niliacha sabuni nikaingia ndani kutafuta shuka. Nikamuuliza watoto ni wangapi, wako wapi sasa, nimpelekee nani. Akanitazama kwa huruma akasema hapana, hao wako Uturuki.

Tangu siku ile sote tulijifunza kumkatiza. "Wa televisheni au wa kweli, Fundi?" Naye alijibu bila haya, "Wa televisheni," akaendelea. Baada ya miaka miwili mitatu tuliacha hata kuuliza. Wa kweli hakuwa naye, kwa jinsi tulivyojua sisi, isipokuwa mpwawe mmoja wa Shika Adabu, huko Likoni, aliyekuja Idi hadi Idi na katoni ya juisi.

Sasa nieleze zile kaimati za kwanza, maana bila hizo za pili hazieleweki.

Kulikuwa na tamthilia ya saa kumi na moja jioni iliyokwenda karibu miaka miwili. Mke mkubwa wa mle alikuwa mtu mwema kupita kiasi. Alidhulumiwa, akafukuzwa, akaugua, na mwisho akafa. Kesho yake Fundi hakushona. Alitandika mikeka uani, akakaanga kaimati sinia zima, akapika kahawa, akatoa na tende, akatuita. Tulikuja wote na leso zetu begani tukakaa kama watu wa matanga. Mama mmoja wa chumba cha mbele alijitia kulia, mwingine akamshika. Tulisimulia wema wa marehemu. Mtu mmoja akasema sasa asomewe hitima, na hapo wengine wakacheka hadi kahawa ikamwagika. Sijui Fundi alicheka au hakucheka. Nakumbuka alikuwa akizunguka na sinia.

Ustadhi wa madrasa ya jirani alisikia. Alituma ujumbe wa adabu kuwa hitima si mchezo wa kuigiza. Fundi aliona aibu kubwa, akaenda mwenyewe kuomba radhi. Na baada ya wiki tatu mke mkubwa akarudi, mzima, na nywele mpya. Kumbe aliyezikwa alikuwa mwingine. Ua mzima ulimdai Fundi aurudishie machozi yake. Ikawa mzaha wetu wa miaka. Mtu akiambiwa fulani kafa kwenye tamthilia, husema, "Usikaange bado."

Kulikuwa na mambo mengine ya Fundi ambayo niliyaona kila siku bila kuyatazama. Moja ni simu. Tamthilia ya saa kumi na moja ikiisha, ule wimbo wake wa mwisho ukilia, simu yake ya vitufe ililia au yeye alipiga, na kupitia ukuta nikamsikia akizungumza mpaka Magharibi. Nilichosikia ni mke mkubwa hivi na shemeji vile, basi nikadhani ni mteja, au ni mmoja wa wale watu wa salamu za redio. Maana alikuwa msalimu mkubwa zamani, kadi zake zikisomwa asubuhi na jina lake la redioni, akiwasalimu watu kumi na wawili asiowajua, nao wakimsalimu.

La pili ni adhana. Fundi alikuwa na tabia ya kusema "washaadhini" kabla muadhini wetu hajafungua kinywa. Alisema tu, uani au mlangoni, simu mkononi, na dakika chache baadaye adhana ya Mishomoroni inaanza. Tulimtania kuwa yeye ana msikiti wake.

La tatu ni gauni la zambarau. Lilining'inia nyuma ya mlango wake miaka miwili, limekamilika kila kitu isipokuwa pindo la chini, ambalo lilikuwa limeachwa wazi, nyuzi zinachungulia. Naikumbuka hata siku ya kulikata, kwa kuwa ukutani nilimsikia akiuliza simuni, "Toka bega mpaka kiwiko shibiri ngapi? Zako au za binti yako?" Nilicheka peke yangu. Nilipomuuliza baadaye gauni lile ni la nani na mbona halipindwi, alisema ni la mtu wa mbali, na pindo halipindwi mpaka mwenyewe asimame mbele ya fundi. Niliona ni jibu la kutosha. Nilikuwa na haraka ya kwenda kazini.

Kaimati za pili zilikuja Alhamisi, mwaka huu, asubuhi mapema. Niliamshwa na harufu ya mafuta na hiliki. Nilipotoka alikuwa akipita mlango kwa mlango na sahani zilizofunikwa, kaimati upande mmoja, tende upande wa pili. Hakutandika mikeka. Alivaa leso mbili, na miwani hakuvaa.

"Shikamoo, Fundi. Kuna nini?"

"Marahaba, mwanangu. Yule dada kafa. Mwombeeni dua."

Nilijua, kama sote tulivyojua, kuwa tamthilia ya wakati huo ilikuwa na dada aliyelazwa hospitali. Mama wa chumba cha mbele alikuwa ameshaanza kutabasamu. Nami, msomi wa magazeti, nilichukua sahani yangu nikasema kwa sauti ya kusikika na ua mzima:

"Huyu naye watamfufua Jumatatu. Tusizimalize zote, Fundi."

Walicheka wote. Yeye alisimama na sinia mikononi akingoja kicheko kipite. Kisha midomo yake nayo ikafanya kama inacheka.

"Kuleni tu," akasema. "Kuleni mkimwombea."

Tulikula. Zilikuwa nzuri, shira yake haikuzidi. Nilirudisha sahani ikiwa imeoshwa, nikamwambia ahsante, mikono yako haina makosa. Hayo ndiyo niliyomwambia mtu aliyefiwa.

Wiki zilizofuata alipunguza habari. Ukimuuliza dada kapona, alisema hakuona, stima zilikatika. Sisi kwetu stima zilikuwepo, lakini nani wa kumhoji mtu. Jumanne ya pili ya mwezi ilikuja akakaa nyumbani anashona sare za shule, televisheni imezimwa. Nilidhani macho. Nilimletea matone ya macho kutoka dukani, akanishukuru sana, akayaweka dirishani bila kuyafungua. Adhana nayo hakuitangulia tena, na hilo hata sikuligundua mpaka baadaye.

Siku moja aliniomba kitu kwa mara ya kwanza. Tokeni za stima zilikuwa zimemwishia, hakununua nyingine, na simu yake ilikuwa imezima. Je, naweza kumchajia? Nikaichomeka mezani kwangu. Ilikuwa Jumatatu, niko nyumbani, saa kumi hivi. Ilipopata nguvu kidogo ikalia. Nilimwita Fundi, lakini alikuwa bado anaswali, nikapokea.

Alikuwa mwanamke kijana, sauti ya watu wa Lamu, ya polepole na ndefu. Alinisalimu akidhani ni Fundi. Nikamwambia mimi ni jirani.

"Basi mwambie ni binti yake wa Lamu," akasema. "Mwambie jana tumesoma arobaini ya mama, na jina lake yeye Fundi tumelitia kwenye dua pamoja na ya ndugu."

Nilimuuliza mama yupi. Nilimuuliza kweli, kwa sauti yangu ile ile ya siku zote.

"Mama yangu. Shoga yake." Nadhani alishangaa. Kisha akanieleza, kwa upole, kama anayemweleza mgeni. Mama yake na Fundi walijuana kwa salamu za redio, yeye akiwa mdogo. Kila jioni wakitazama pamoja, huyu Lamu na huyu Mombasa, ikiisha wanapigiana hadi adhana ya Lamu, inayotangulia ya Mombasa kwa dakika chache. Mama hakuweza kusafiri, alikuwa akimuuguza baba aliyepooza. Kila mwaka walisema baada ya Idi, inshallah. Siku mama alipofariki, saa ya simu ilifika, simu ikalia, na binti ndiye aliyeipokea.

Nilikuwa nimesimama. Nikakaa.

"Na nyinyi pia twawashukuru," akasema. "Fundi alitwambia majirani wa huko mlikusanyika nyote, mkamsomea mama hitima, mkakaa naye siku nzima. Mama alikuwa akisema Fundi yuko peke yake. Tulifarijika sana kujua kuwa ana watu. Mungu awalipe."

Nilisema amin. Na lile neno lenyewe sikulistahili.

Nilingoja amalize tasbihi, nikaenda. Ilikuwa karibu saa kumi na moja. Chumba chake kilikuwa na mwanga wa dirishani tu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, gauni la zambarau mapajani, anapapasa lile pindo kwa kidole gumba. Nilimpa simu yake, nikamwambia aliyepiga ni nani na amesema nini. Lile la hitima nililisema vilevile alivyolisema binti, sikupunguza. Fundi aliinamisha kichwa.

"Ilibidi niwambie hivyo," akasema. "Mtu afe, na upande wangu asilie mtu? Ingekuwa aibu kwake."

"Kwa nini hukutwambia sisi, Fundi? Kwa nini ulituacha tucheke?"

"Ningewambia nini? Nalilia mtu nisiyemjua uso? Mungezidi kucheka." Alilikunjua gauni, akalitazama. "Sauti yake naijua. Kikohozi chake nakijua. Mkono wake shibiri mbili na vidole vitatu, najua. Picha alitaka kunipa, nikamkataza. N'kamwambia nitakuona siku ya kupinda pindo."

Nilitamani anitukane. Fundi hakuwa na matusi. Nilikumbuka kile kiti cha kushoto kwenye jumba la filamu, na mkoba juu yake, na mimi nilivyokikalia.

Nilivua viatu, nikaingia mpaka mkekani. Nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili, kama inavyofanywa, nikasema nilichotakiwa kusema siku arobaini nyuma nikiwa na sahani yake mkononi.

"Pole, Fundi. Pole sana kwa msiba. Mungu amrehemu dada yako, amweke pema."

Alinitazama. Macho yalijaa, hayakumwagika.

"Nishapoa, mwanangu," akajibu. "Karibu. Kaa kitako."

Alinimiminia kahawa baridi ya asubuhi kutoka kwenye birika, maana mgeni wa msiba hupewa kitu, nami nikainywa yote. Baadaye nilimwambia kwamba kama anataka, lile gauni nitalivaa mimi, asione linakaa bure. Ni namna yangu ya kufikiri, kila kitu kitumike. Alilitundika tena nyuma ya mlango, nyuzi zake zikining'inia.

"Nitakushonea jingine," akasema. "Hili lina mwenyewe."

Mwezi uliofuata mpwawe alikuja na gari la kubebea mizigo akamhamishia Shika Adabu. Cherehani ilipakiwa kwanza, televisheni mwisho. Nimempigia mara tatu tangu hapo, na kila mara ni mimi niliyekuwa na haraka.

Lakini jioni ile nilikaa. Saa kumi na moja ilipiga, na vyumba vyote vya ua vikaanza kwa pamoja, wimbo ule ule kutoka kila ukuta, kisha sauti za watu wanaogombana na kupatana. Televisheni ya Fundi ilibaki kimya juu ya kabati. Tulikaa kama wanavyokaa watu wa matanga, wawili tu, na mmoja wetu hakuwa amemjua marehemu hata kwa jina. Kiza kilianza kuingia taratibu chumbani.

Wimbo wa mwisho ulipolia, mkono wake ulikwenda kwenye simu. Uliishika, ukaigeuza, ukairudisha kwenye mkeka. Tulikaa vivyo hivyo mpaka Magharibi ikakaribia; muadhini wetu alikuwa bado hajaanza. Fundi aliinua uso kidogo, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

"Kwao washaadhini," akasema.